Mjukuu Aje kwa Njia Ipi?

Mwezi uliopita, baada ya sala ya isha, binti yangu aliyeolewa Mwanza alinipigia simu, na tulipokwisha kuamkiana na kuulizana hali za nyumba mbili, akaniuliza swali ambalo kwa mtu asiye na wajukuu laweza kuonekana dogo kama punje ya mtama: "Baba, tukimleta mtoto Tanga, tupande ndege au tuje na gari?" Mtoto mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza atimize miezi minne. Arobaini yake ilikwisha kwa salama, chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zilikuwa zimeandikwa zote katika kadi ya kliniki, na sisi wa huku pwani, ambao hatujapata kumwona ila katika kioo cha simu, tulikuwa tumeanza kuhesabu siku kama wahesabuvyo wafungwa. Kwa kiburi cha mzee aliyezoea kuulizwa nilimwambia kwamba jawabu atalipata kesho. Jawabu lilinichukua siku 9, na katika siku hizo nimeyakinisha kwamba swali hili linaulizwa leo katika nyumba nyingi, na kwamba aghalabu hujibiwa na watu ambao halitawagusa.

Wa kwanza kujibu katika nyumba yetu alikuwa dada yangu mkubwa, ambaye umri wake umempa haki ya kujibu mambo yote kabla hayajaulizwa. Yeye alisema bila ya kusitasita kwamba ndege itampasua mtoto masikio, na kwamba hewa ya juu mawinguni haikuumbiwa kiumbe mchanga. Wa pili alikuwa mkwe wangu, mume wa binti, kijana mwenye adabu na mwenye gari, na katika sifa hizo mbili sijui ni ipi anayoionea fahari zaidi. Yeye alitaka kuendesha. Ni wajibu wangu kumtendea uadilifu, maana hoja zake hazikuwa za kipuuzi: gari halikungoji uwanjani saa mbili kabla ya safari, husimama utakapo, hubeba beseni la mtoto na chandarua chake na nepi zake na lile furushi la sangara na dagaa wakavu ambalo mkwe hawezi kuingia ukweni bila ya kulibeba, na likisha kufika Tanga huwachukua hadi Muheza na Pangani kwa jamaa wengine wanaongoja zamu ya kumpakata mtoto. Fauka ya hayo, petroli ni ile ile wapande wawili au wapande watano, ilhali tiketi ya ndege hukatwa kwa kila kichwa. Wa tatu alikuwa jirani yangu wa barazani, ambaye hakusema ila neno moja, "Bukoba," kisha akarudia kahawa yake. Wote watatu walikuwa wamekwisha kusema, na hakuna hata mmoja katika wao atakayenyonyesha njiani.

Nianze na neno la jirani, kwa kuwa ndilo fupi na ndilo zito. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua katika uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakafa katika watu 43 waliokuwamo. Mtu wa Kanda ya Ziwa hana haja ya kukumbushwa. Picha za wavuvi na mitumbwi yao wakiuzunguka mkia wa ndege uliochomoza majini zingali machoni petu sote. Lakini hofu ina tabia ya kukihifadhi kilicho cha nadra na kukisahau kilicho cha kila siku. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba barabara za dunia huua watu milioni 1.19 kila mwaka. Na ulikuwapo mwaka, nao ni 2017, ambao jeti za biashara za abiria ziliumaliza duniani kote bila ya kuua abiria hata mmoja katika ajali. Ajali ya ndege tunaitaja kwa tarehe yake. Ajali za barabarani ni nyingi mno hata tunazitaja kwa mahali tu, kwamba "pale kwenye kona," au "pale darajani," na dereva akipita hapo hupunguza sauti ya redio kidogo, kisha huongeza mwendo.

Sasa nije kwa dada yangu na masikio yake, maana hofu yake ina chembe ya kweli ndani, na chembe hiyo yafaa ichambuliwe badala ya kuchekwa. Chumba cha abiria katika ndege kubwa hushindiliwa hewa, hata hali yake ikawa kama ya nchi iliyoinuka juu ya bahari kwa kimo cha baina ya mita 1,800 na mita 2,400. Kimo hicho si cha malaika. Vijiji vya Magamba na Shume, juu ya Lushoto, viko karibu nacho, na huko Wasambaa huzaa, hulea, na huishi hata wakaota mvi pasipo mtu yeyote kupasuka sikio. Dada yangu mwenyewe kila mwaka hupanda Lushoto kununua matunda ya nchi ya baridi, na katika njia ile ya kutoka Mombo, ambayo haifiki kilomita 35 lakini huzunguka ukingoni mwa genge kama uzi katika kigae, masikio yake huziba na kuzibuka mara kadhaa, naye hutafuna karanga na kumeza mate mpaka afike. Nilipomkumbusha jambo hilo alisema kwamba hilo ni jambo jingine.

Ni lile lile. Baina ya sikio la ndani ya ngoma na koo pana mrija mwembamba ambao kazi yake ni kusawazisha hewa, na kwa mtoto mchanga mrija huo ni mwembamba zaidi na huzibika upesi. Hewa ya nje ikibadilika ghafla, ngoma ya sikio huvutwa, na mtoto huumia. Dawa yake ni kumeza, na mtoto hajui kutafuna karanga, lakini anajua kunyonya kuliko tujuavyo sisi jambo lolote. Kwa hiyo mama anayejua safari hamshibishi mtoto kwenye benchi la uwanja hata akalala fofofo. Humwekea njaa kidogo, akampa ziwa ndege inapopaa, na hasa inapoanza kushuka, yaani kiasi cha nusu saa kabla ya magurudumu kugusa ardhi, kwa kuwa kushuka ndiko kunakouma. Akilia, hata kilio chenyewe huufungua mrija ule. Abiria wa kiti cha mbele akigeuka na kukunja uso, mwacheni ageuke; naye alipata kuwa mtoto, ingawa huenda hakupata kupanda ndege.

Pana watoto ambao hawafai kupandishwa ndege bila ya shauri la daktari, nao ni wale waliozaliwa njiti, wenye maradhi ya moyo au mapafu, na wale ambao siku ya safari wana mafua makali au sikio linalotoka usaha. Tena mashirika mengi hayampokei mtoto wa siku chache tangu kuzaliwa, na mengine hutaka cheti. Wazee wetu walioweka siku 40 hawakuwa na ndege akilini, lakini kipimo chao kimesimama vizuri hata mbele ya ndege.

Niseme sasa juu ya barabara, ambayo katika siku zile 9 hakuna mtu aliyeiogopa ila mimi, na sababu yangu ninayo tangu zamani. Mwaka 1993, binti huyu huyu anayeniuliza leo alikuwa na miezi mitano, na mimi na marehemu mama yake tulimpakata katika basi tukienda Arusha kumwonyesha kwa babu yake. Baada ya kuipita Hedaru springi ya gurudumu la nyuma ilikatika, na abiria wote tukashushwa chini ya mbuyu mmoja usiokuwa na majani, ambao kivuli chake kilitosha watu sita, nasi tulikuwa zaidi ya sitini. Ilikuwa yapata saa tano ya asubuhi. Mtoto alinyonya, akaacha, akalia, akanyonya tena, akaacha tena kwa hasira, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni joto. Bibi mmoja wa makamo, kwa huruma njema kabisa, alitaka kumdondoshea matone ya maji mdomoni kwa kidole chake. Mke wangu akakataa kwa upole, kwa kuwa kliniki walikuwa wamemwambia kwamba mtoto wa chini ya miezi 6 hana haja ya maji hata katika jua la Upare, maziwa ya mamaye yana maji ya kumtosha, na matone yale ya wema ndiyo yanayoleta kuhara. Ndipo mwanamke mmoja wa nyumba ya karibu alipokuja na kibuyu cha uji. Mke wangu alikunywa kata mbili mfululizo kama mtu aliyefunguliwa kamba, akaketi, akaegemea shina la mbuyu, na baada ya muda mtoto akanyonya akatulia.

Jioni, tulipokwisha kuondoka, nilimwuliza kwa nini alikuwa na kiu namna ile. Akanijibu kwamba hakuwa ameonja maji tangu Korogwe, kwa kusudi, asije akalazimika kumwomba kondakta basi lisimame. Wasomaji wangu wanajua lile basi linavyosimama "kuchimba dawa": wanaume hupiga hatua nne wakageukia kichaka, wakarudi wakijifunga mikanda, lakini mwanamke mwenye mtoto mkononi, na kanga mbili, na kichaka kisichofika magotini, atachimba dawa ipi? Basi hunyamaza, akajinyima maji, na anayelipa ni yule aliye kifuani. Miaka imepita zaidi ya 30, vituo vya kupumzikia njiani vimeongezeka, navyo vina vyoo vya malipo na chipsi. Lakini ningali nawaona kina mama katika mabasi wakiishika chupa ya maji mapajani toka Chalinze hata Segera bila ya kuifungua.

Jambo hilo ndilo lililonifunza kuipima safari ya mtoto mchanga kwa saa ambazo mama yake atakaa amebanwa, na kuziacha kilomita ziwe hesabu ya madereva. Kwa kipimo hicho, tazameni njia zenyewe. Baina ya Mwanza na Tanga, kwa kupita Shinyanga, Nzega, mlima wa Sekenke, Singida, Babati, Arusha, Moshi na Korogwe, pana zaidi ya kilomita 1,100. Mtu mzima mwenye gari zima na pupa huweza kuzimaliza katika siku moja ndefu, akatoka kabla ya alfajiri na kufika baada ya isha amevimba miguu, na desturi yetu mbaya ni kumsifu mtu huyo, kana kwamba kuendesha tangu usiku hata usiku ni ushujaa. Kwa ndege, Mwanza hadi Dar es Salaam ni mwendo wa kiasi cha saa moja na nusu. Lakini Dar es Salaam si Tanga; zimebaki kilomita zipatazo 350, na Chalinze, na daraja la Wami, na malori ya Segera, yaani nusu siku nyingine. Kwa hiyo anayejibu "ndege" amejibu nusu ya swali, na nusu iliyosalia ni gari vile vile.

(Wenzetu wa Morogoro na Dodoma wamepata njia ya tatu tangu mwaka 2024, treni ya umeme, ambamo mama husimama, hutembea na mtoto begani, na choo kimo mumo humo. Naitaja kwa wivu wa mtu wa Tanga, mji ambao ujenzi wa reli ya kwanza ya nchi hii ulianzia hapo mwaka 1893.)

Maadamu gari haliepukiki, suala la pili ni mtoto atakaa wapi ndani yake, na hapa sina budi kusema jambo ambalo halitapendeza nyumba nyingi, yangu ikiwamo. Sisi tunapakata. Kupakata kwetu ni mapenzi, ni heshima, ni zawadi apewayo mgeni anapoingia nyumbani. Lakini katika gari liendalo, mapaja si kiti. Hesabu yake ni ya shule ya kawaida. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo tulioruhusiwa mijini, likigonga kitu na kusimama katika nafasi ya nusu mita, kila kilichomo ndani huvutwa mbele kwa nguvu ya karibu mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 7 huwa katika nukta ile kama mzigo wa kilo 140. Nionyesheni mama, au baba, au mnyanyua mizigo wa bandarini, awezaye kuuzuia kwa mikono miwili mzigo wa gunia zima la mahindi na nusu ya jingine pasipo kupewa habari kabla. Na akiwa amefunga mkanda mmoja juu yake na juu ya mtoto pamoja, mwili wake mwenyewe ndio utakaomponda.

Kiti cha mtoto cha gari, kilichofungwa katika kiti cha nyuma na kumwelekeza mtoto kisogo mbele, ili kichwa chake kizito na shingo yake laini viegemee mgongo wa kiti pindi gari linaposimama ghafla, hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa zaidi ya nusu. Nasema kiti cha nyuma kwa mkazo, kwa kuwa mbele pana mfuko wa hewa, ambao humwokoa mtu mzima na huweza kumwua mtoto aliyeketi mkabala wake. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilipotungwa mwaka 1973 haikukitaja kiti hicho, nayo haikuwa ajabu kwa zama zile. La ajabu ni kwamba leo kijana hununua gari la milioni nyingi, akalitia redio ya kioo na viti vya ngozi, na akiulizwa juu ya kiti cha mtoto hujibu kwamba ni mambo ya Wazungu. Viti vinapatikana, vipya kwa wenye uwezo na vya mitumba kwa wengine. Anayenunua cha mtumba avute mikanda yake yote kwa nguvu, akikague kama kina ufa, na akikiona kimepasuka au kimepindika akiache hapo hapo, maana huenda kimekwisha kumkinga mtoto mmoja, na hakitamkinga wa pili.

Huko Marekani shauri hili la ndege na gari limepata kujadiliwa kwa namna ambayo inastahili kusimuliwa hapa. Julai 19, 1989, ndege ya United nambari 232, iendayo Chicago kutoka Denver, ilipoteza nguvu za kuendeshea ikaanguka katika uwanja wa Sioux City, jimbo la Iowa. Watu 112 wakafa katika 296. Walikuwamo watoto wanne waliopakatwa. Kiongozi wa wahudumu, Jan Brown, aliwaambia wazazi wao, kama alivyofundishwa, wawalaze watoto sakafuni na kuwashika. Mmoja wao akafa, na mama wa mtoto huyo alikutana na Jan Brown nje ya ndege inayowaka akitaka kurudi ndani. Tangu siku hiyo mhudumu yule alifanya kampeni kwa miaka mingi ili kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake. Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ile ilikataa, na katika mwaka 2005 ilishikilia kukataa kwake kwa hoja hii: wazazi wakilazimishwa kumnunulia mtoto tiketi kamili, baadhi yao wataiacha ndege na kushika barabara, na barabarani watakufa watoto wengi zaidi ya wale watakaookolewa angani.

Niliposoma hoja hiyo mara ya kwanza ilinikera, kwa sababu yanuka baridi ya daftari la hesabu. Nilipoisoma mara ya pili niliona kwamba daftari limesema kweli, na kwamba kweli hiyo inatuhusu sisi kuliko Wamarekani, maana wao mtoto akishuka katika ndege hungojwa na kiti garini, na wetu hungojwa na mapaja. Katika ndege nyingi mtoto aliye chini ya miaka miwili hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, mara nyingi kiasi cha asilimia 10, naye hupakatwa. Katika basi halipiwi chochote, naye hupakatwa vile vile. Watu husema basi ni nafuu kwa kuwa mtoto huenda bure. Kwangu mimi neno hilo "bure" ndilo la kuogopwa kuliko bei, kwa kuwa asiyelipa nauli hahesabiwi kuwa ni abiria, na asiyehesabiwa hawekewi kiti.

Basi rai yangu ni hii. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka, akiwa mzima, na safari ikiwa ni ya kupita saa 8 za barabara, apande ndege kwa sehemu ile ambayo ndege inaifika, na kwa sehemu iliyosalia apokewe na gari lenye kiti chake, mchana, dereva akiwa amelala usiku uliotangulia. Mabasi yameruhusiwa tena kwenda usiku tangu mwaka 2023, na kwa wafanyabiashara ni faraja. Kwa mtoto mchanga usiku wa barabarani sioni faida yake. Na kama mfuko hauruhusu ndege, jambo ambalo si aibu na ni hali ya wengi wetu, safari ya gari na ikatwe vipande viwili: walale Singida au Babati, waondoke asubuhi, wasimame kila baada ya saa mbili mtoto atolewe kitini na kunyooshwa mgongo juu ya mkeka, kwa kuwa kiti kile kinachomlinda humkunja kidevu akikaa mno, mama aketi nyuma kando yake, anywe maji kadiri atakavyo, na dereva, hata akiwa ni mume aliyenunua gari kwa jasho lake, asimame kila aambiwapo na asiulize kwa nini.

Siku ya 9 nilimpigia simu binti yangu nikamweleza hayo yote, kwa utaratibu, kama ninavyoyaeleza hapa. Nilimwambia yeye na mtoto waje kwa ndege hadi Dar es Salaam, na mumewe atangulie na gari na dagaa wake, alale, awapokee uwanjani kiti kikiwa kimekwisha kufungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake. Kisha akasema: "Ahsante, Baba. Lakini ninyi huko hamwezi kuja?"

Sikuwa na la kujibu. Mimi nina miaka 67, na ghairi ya magoti yangu sina ugonjwa. Nilikuwa nimekaa siku 9 nikipima masikio ya mtoto, na shingo ya mtoto, na kiu ya mama wa mtoto, pasipo kunijia hata mara moja wazo la kwamba njia ya Tanga hadi Mwanza ni ile ile ya Mwanza hadi Tanga, na kwamba mwenye kumeza mate kwa hiari yake ni mimi. Desturi yasema mtoto ndiye apelekwaye kwa wazee. Wazee wenzangu, kwa huyu wa kunyonya naomba tuigeuze: twende sisi tumtazame kwao, tumwombee dua, turudi, naye atatujia atakapoweza kuketi mwenyewe.

Tiketi mbili nimekwisha kuzikata, yangu na ya dada yangu, Ijumaa ijayo, kwa ndege. Jana ameniuliza kama karanga zinaruhusiwa.